Jinsi ya Kujifunza Kuendesha Pikipiki Kubwa ya Safari Kwenye Mchanga

Pikipiki kubwa ya safari ikiingia kwenye mchanga laini, usukani huanza kucheza papo hapo. Mwendeshaji asiyezoea hufanya mambo matatu kwa mpigo: hukaza mikono, hukodolea macho gurudumu la mbele, na huachia mafuta. Mawili ya kwanza yanamchosha. La tatu ndilo linalomwangusha.

Ukiachia mafuta ghafla, uzito wote unahamia mbele. Shokabu za mbele zinabonyea, tairi linazama, mchanga unarundikana mbele yake na kulisukuma upande. Gurudumu likishapinda huku kilo zaidi ya 200 zikiendelea kusukuma kutoka nyuma, hakuna mkono wa kulinyoosha. Ukishikilia mafuta pale pale, au ukaongeza kidogo, uzito unarudi nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi na kupita juu ya mchanga badala ya kuulima.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mafunzo haya ni kuuzoesha mkono wa kulia usifunge mafuta moyo unaposhtuka. Mkono hautii kwa kuambiwa. Unatii pale ambapo mwenye mkono ameshazoea kuwa pikipiki ikilala kwenye mchanga ataiinua na safari itaendelea. Ndiyo maana mpangilio ninaoupendekeza unaanzia chini kabisa: kuinua, kisha kuondoka na kusimama, na mwendo unafuata baadaye. Wengi hufundishwa kinyume, mwendo kwanza, na huishia kuogopa mchanga miaka mingi.

Wala usidhani hii ni kazi ya watu wa miraba minne. BMW zenye injini ya boksa ya silinda mbili, zilizolala moja kila upande, zilishinda mbio za Paris–Dakar, zile ndefu za kuvuka jangwa, mwaka 1981, 1983, 1984 na 1985. Ushindi wa 1984 na 1985 ulikuwa wa Gaston Rahier, Mbelgiji mfupi wa kimo aliyekuwa juu ya pikipiki ndefu. Alichokuwa nacho ni ufundi.

1. Andaa pikipiki na mwili kabla ya kugusa mchanga

Anza na upepo wa matairi, maana hakuna badiliko jingine linalosaidia kiasi hiki bila gharama yoyote. Kwenye lami, pikipiki kama BMW R 1250 GS huwekwa takriban psi (kipimo cha upepo wa tairi) 36 mbele na 42 nyuma. Kwa mchanga, shuka hadi psi 20 kwa kuanzia, na kama mchanga ni mwingi na laini sana, psi 18 au hata 15. Tairi lililopungua upepo hutanuka na kurefusha sehemu inayokanyaga chini, hivyo halizami haraka. Pima kwa geji, usikadirie kwa kubonyeza na kidole. Kuna hatari mbili za kuzingatia. Ukigonga jiwe lililofichwa kwenye mchanga, rimu inaweza kujipinda. Na tairi lisilo na tyubu likiwa na upepo mdogo mno linaweza kuachia kingo za rimu na kupoteza upepo wote kwa mara moja. Kama njia yako inachanganya mchanga na mawe, usishuke chini ya 20. Na kama huna pampu ya kurudishia upepo, usipunguze kabisa.

Matairi yenye meno makubwa yanasaidia sana, hasa la mbele. Pikipiki yenye gurudumu la mbele la inchi 21, kama Honda Africa Twin au Yamaha Ténéré 700, hupita mchangani kwa urahisi kuliko yenye inchi 19, lakini hata ya inchi 19 inapita vizuri ikipata mwendeshaji aliyetulia.

Vua masanduku ya chuma ya pembeni. Nalisema hili kwa msisitizo: mguu ukiteremka chini pikipiki ikiwa inaenda mbele, sanduku linakuja nyuma yake na kuukandamiza, na kifundo cha mguu hakina ubavu wa kushindana na chuma. Wakati wa kujifunza usibebe mzigo wowote zaidi ya maji na vifaa vya ufundi. Ukija kusafiri na mzigo, tumia mifuko laini.

Zima mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze. Ukiachwa umewaka, kompyuta hukata nguvu ya injini kila tairi linapozunguka kwa kasi kidogo, yaani inafunga mafuta kwa niaba yako wakati usiotaka. ABS ya nyuma, yaani mfumo unaozuia breki isifunge tairi, nayo izimwe kama pikipiki inaruhusu. Mifumo hii hujiwasha yenyewe kwenye pikipiki nyingi ukizima swichi, basi kila baada ya kuanguka na kuwasha upya, kagua tena. Ng'oa mipira iliyo juu ya vikanyagio kama inatoka, ili buti ishike chuma.

Kwa mwili: buti ngumu za motokrosi, kinga za magoti na viwiko, kinga ya mgongo, helmeti na miwani inayoziba vumbi. Ukilazimika kuchagua kimoja cha kununulia pesa nyingi baada ya helmeti, chagua buti. Beba maji ya kutosha, lita tatu kwa nusu siku ya mazoezi si nyingi, na usiende peke yako.

2. Jifunze kuinua

Laza pikipiki kwa makusudi kwenye mchanga, taratibu, ukisaidiwa na mwenzako. Zima injini. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa kwanza stendi ya pembeni kabla ya kuinua, ili ikivuka wima iangukie stendi na si upande wa pili. Ikiwa imelalia kushoto, stendi iko chini na huwezi kuitoa mapema; utaitoa kwa mguu baada ya kuinua. Pande zote mbili, ingiza gia ya kwanza ili magurudumu yasizunguke.

Pindisha usukani hadi mwisho kuelekea upande ulioko chini, mpaka hendeli ya upande huo isogee karibu na tangi. Geuka uipe pikipiki mgongo. Chuchumaa, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike hendeli hiyo na mwingine ushike chuma imara cha nyuma. Kanyagia visigino kwenye mchanga hadi vipate mahali pa kushika. Kisha nyoosha mgongo, tazama mbele, na sukuma kwa mapaja, ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Mikono inashikilia tu. Nguvu yote inatoka miguuni. Ukihisi mgongo unavuta, acha, pumua, panga miguu upya.

Kama pikipiki imelala kwenye mteremko na magurudumu yametazama juu, usijaribu kuinua. Izungushe kwanza ikiwa imelala vile vile, ukivuta nyuma au mbele, mpaka magurudumu yawe upande wa chini wa mteremko. Mchanga unarahisisha kuzungusha hivi kwa sababu vyuma vinateleza juu yake.

Rudia mpaka isiwe tena jambo la kuogopa. Pumzika kati ya mara moja na nyingine, maana kuinua ndiko kunakomaliza nguvu kuliko kuendesha.

3. Kuondoka na kusimama

Hapa ndipo klachi nyingi zinapoungua. Chagua mchanga wa kina kidogo, tambarare. Kabla ya kuondoka, sukuma pikipiki mbele na nyuma mara chache ili magurudumu yajitengenezee njia. Usukani uwe umenyooka kabisa. Gia ya kwanza, mafuta ya wastani yasiyobadilika, achia klachi taratibu lakini uiachie kabisa mapema. Ukiishikilia nusu nusu kwa muda mrefu utasikia harufu ya kuungua. BMW za boksa zilizotangulia ile R 1200 GS ya kupozwa kwa maji, iliyotoka 2013, zina klachi kavu, isiyozungukia ndani ya oili, na hizo hazisamehe kabisa. Pikipiki ikishasogea mita chache, simama juu ya vikanyagio na uingize gia ya pili.

Tairi la nyuma likianza kuzunguka bila pikipiki kusogea, funga mafuta mara moja. Hapa, na karibu hapa tu, kufunga ndilo jibu sahihi. Kila sekunde ya ziada ni sentimita zaidi za shimo.

Kusimama kuna ufundi wake. Usitumie breki ya mbele. Punguza mafuta kidogo kidogo ukiwa umenyooka, uache mchanga wenyewe uipunguze kasi, na ubane klachi mwishoni kabisa, pikipiki inapokaribia kutulia. Chagua mahali pa kusimama kabla hujafika: palipo pagumu, au panapoteremka kidogo, ili kuondoka tena kuwe rahisi. Kusimama katikati ya mpando wa mchanga ni kujitafutia kazi. Beba kipande cha ubao au bati cha kuweka chini ya stendi, la sivyo itazama na pikipiki italala ukiwa umeshageuka kufungua chupa ya maji.

Ondoka, nenda mita 30, simama. Rudia. Zoezi hili linachosha akili kwa urahisi wake, lakini ukilifanya asubuhi nzima utakuwa umepata kitu ambacho wenye miaka mingi barabarani hawana.

4. Mkao

Simama juu ya vikanyagio, buti ikanyage kwa kitako cha vidole au katikati ya wayo, magoti yaliyolegea kidogo yakigusa tangi bila kulibana. Nyonga zisogee nyuma kiasi, kiasi tu. Watu huambiwa wakae nyuma sana, nao hunyoosha mikono mpaka wananing'inia kwenye usukani, na kila mtikisiko wa pikipiki unageuka kuwa mafuta yanayofunguka na kufungwa bila kutaka. Kipimo changu ni hiki: ukiwa umesimama hivyo, uweze kuachia vidole vyote kwenye hendeli kwa sekunde moja bila kuanguka mbele wala nyuma. Ukiweza, mkao ni sahihi.

Viwiko vitoke nje, na usukani ushikwe kama mtu anavyoshika kifaranga: usimbane, usimwachie. Utacheza kushoto na kulia. Uache ucheze. Gurudumu la mbele lina kazi yake ya kutafuta njia kwenye mchanga, na ukilizuia kwa nguvu unahamishia mtikisiko ule kwenye pikipiki nzima. Usukani ukicheza nusu kiganja kila upande na pikipiki ikaendelea kwenda mbele, hakuna kasoro.

Macho yatazame mita 30 hadi 50 mbele, hata pale roho inapokusihi uangalie chini. Pikipiki hufuata macho, na mchanga unalithibitisha hilo kuliko barabara yoyote.

5. Kwenda moja kwa moja

Tafuta mchanga ulionyooka wa mita 200 hivi. Ondoka, simama juu ya vikanyagio, gia ya pili, kisha ya tatu. Mahali fulani kati ya kilomita 30 na 45 kwa saa, kutegemea mchanga na matairi, utahisi badiliko: usukani uliokuwa mzito unakuwa mwepesi, na mtikisiko wa haraka unageuka kuwa wa polepole na mpana. Ndipo tairi la mbele limepanda juu. Jifunze kuutambua wakati huo kwa viganja vya mikono, bila kuangalia kipima mwendo.

Sasa zoezi lenyewe. Ukiwa kwenye mwendo huo, subiri usukani ushtuke. Ukishtuka, ongeza mafuta kidogo sana, kiasi cha kuzungusha hendeli upana wa unyasi, na ushikilie. Utaona pikipiki inajinyoosha. Rudi ulikotoka, fanya tena. Unafundisha mkono jibu jipya, na mkono hujifunza kwa kurudia.

Lakini nina ugomvi na wale wanaosimama pembeni wakipiga kelele «tia mafuta, tia mafuta!» kwa kila tatizo. Ukiwa tayari kwenye kilomita 60 kwa saa, pikipiki imeshaanza kuvuka njia na huoni kilichopo mbele, kuongeza mafuta ni kuongeza uzito wa ajali. Kwa hali hiyo shikilia mafuta ulipo, bana tangi kwa magoti, acha pikipiki itulie, kisha punguza kidogo kidogo. Kiasi ndicho siri, na kiasi huja kwa mazoezi ya mwendo mdogo.

Kuna suala la miguu. Utawaona wengine wakikaa na kupiga miguu chini kama nguzo pande zote mbili. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, mahali pabaya, ifanye bila aibu. Zaidi ya hapo, miguu irudi juu. Mguu ulio chini hauwezi kuzuia kilo 250 zisianguke. Unachoweza ni kuvunjika.

6. Kona, mifereji ya matairi, na breki

Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kwa breki ya nyuma au kwa mchanga wenyewe. Ukishaanza kupinda, usifunge. Kona kwenye mchanga hupigwa kwa mafuta: kanyaga kikanyagio cha nje kwa uzito wako, laza pikipiki chini yako kidogo, geuza kichwa utazame mwisho wa kona, na usukume nyuma ya pikipiki izunguke kwa mafuta ya kupanda taratibu. Usipindishe usukani kwa nguvu; tairi la mbele litachimba. Mviringo uwe mpana kuliko unavyodhani unahitaji. Fanya mduara mkubwa upande mmoja mpaka uzoee, kisha upande wa pili, ambao kwa watu wengi ni mgumu zaidi, na mwisho uunganishe mizunguko miwili kama tarakimu ya 8.

Magari yakipita mchangani huacha mifereji miwili. Ukishaingia kwenye mmoja, kaa humo. Wengi huanguka wakijaribu kutoka kwa pembe ndogo, tairi la mbele linakwaruza ukuta na kupanda nusu. Tazama mbali, usitazame kuta za mfereji. Ukilazimika kutoka, tafuta mahali ukuta ulipobomoka, hamisha uzito, tia mafuta na utoke kwa pembe kubwa, kwa uamuzi mmoja.

7. Kusoma mchanga

Mchanga wa asubuhi mapema, wenye ubaridi na unyevu wa usiku, hushika vizuri kuliko ule wa saa saba mchana uliokauka na kulegea. Panga mazoezi yako alfajiri. Tazama pia sura yake: sehemu zenye mikunjo midogo iliyochorwa na upepo kwa kawaida ni ngumu kuliko zile laini zinazong'aa bila alama. Mimea midogo huonyesha mahali palipotulia. Chini ya mto uliokauka, pembezoni mara nyingi huwa pagumu kuliko katikati.

Vilima vya mchanga viache mpaka uwe umeyaweza yote yaliyotangulia. Upande unaopigwa na upepo huwa mpole na mgumu kiasi. Upande wa pili ni laini na mkali, mteremko unaofika nyuzi kama 34, ambao ndio ukomo wa mchanga mkavu kabla haujaporomoka. Panda kutoka upande wa upepo ukiwa na mwendo wa kutosha tangu chini, maana katikati huwezi kuuongeza. Karibu na kilele punguza ili uone kilicho upande wa pili. Usiruke kilele usichokijua. Jua likiwa utosini, vivuli hupotea na ukingo wa kilele hauonekani kabisa. Hiyo peke yake ni sababu ya kuacha vilima saa hizo. Ukiona hutafika juu, usingoje pikipiki isimame. Geuza kwa mviringo ukiwa bado na mwendo, uteremke, ujaribu upya.

8. Ukikwama

Tairi la nyuma limezama mpaka injini imekaa juu ya mchanga, na pikipiki inasimama yenyewe bila stendi. Zima. Shuka. Kunywa maji kwanza, kwa sababu yanayofuata yanahitaji akili tulivu.

Ilaze pikipiki upande mmoja, kwa upole. Tairi la nyuma litatoka shimoni. Sukumia mchanga ndani ya shimo kwa buti mpaka lijae, ulikanyage ligumu. Inua kama ulivyojifunza. Sasa tairi limekaa juu. Futa mchanga ulioko mbele ya tairi la mbele, kwa sababu huo ndio ukuta utakaokuzuia. Usipande. Simama kando, upande wa kushoto, washa, gia ya kwanza, achia klachi taratibu huku ukisukuma na kutembea nayo mpaka ifike mchanga mgumu. Injini ikianza kuchemka au klachi ikinuka, ngoja ipoe. Dakika 15 za kungoja zinaokoa siku nzima ya kuvutwa.

9. Ukimaliza

Acha mapema kuliko unavyotaka. Dalili ya kwanza ya uchovu ni kuanza kukaa kitini bila kujua. Ukijikuta umekaa mara ya tatu, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, maana kuanguka kubaya huja saa ya mwisho.

Rudisha upepo kabla ya kukanyaga lami, maana tairi lenye psi 18 kwa mwendo wa barabara kuu hupata joto kali na huyumba kwenye kona. Washa tena ABS na mfumo wa kuzuia mteleko. Ukifika nyumbani, fungua chujio la hewa na ulisafishe au ulibadilishe. Mchanga unaopenya hapo hula silinda. Osha mnyororo kabla ya kuutia mafuta, la sivyo unachanganya mafuta na mchanga na kutengeneza msasa. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mfu. Kaza hizo, na kagua rimu kwa kuzungusha gurudumu likiwa limeinuliwa, ukiangalia kama linayumba.